Sura ya Sita: Jibu Sahihi la Kesi Nyingine

Aliyesoma Kenya kabla KCPE haijafutwa mwaka 2023, au aliyefanya mtihani wa darasa la saba Tanzania, hahitaji kufundishwa kazi ya A, B, C na D. Alianza kuziwekea kivuli kwa penseli akiwa mtoto. Ndiyo maana mwanasheria kutoka kwetu anapofika Marekani na kuambiwa kwamba nusu ya alama za mtihani wa uwakili wa New York zinatokana na maswali ya kuchagua, kwanza hushusha pumzi. Mlimani, Nairobi au Makerere alizoea kujaza kijitabu kizima kwa swali moja la sheria ya mikataba. Leo anaambiwa achague herufi tu. Afueni iliyoje! Kisha anafanya zoezi la kwanza la maswali 50, anapata 23, na anaanza kujiuliza kama shahada yake ilikuwa ya sheria kweli.

Ilikuwa ya sheria. Tatizo ni kwamba mtihani huu haupimi kitu kile kile, na mbinu alizokuja nazo, za darasa la saba na za chuo kikuu, zote mbili zinamwangusha.

Tuanze na umbo la mtihani wenyewe, maana wapo wanaojiandaa miezi mitatu bila kulijua. Majimbo mengi ya Marekani yamekuwa yakitumia mtihani wa pamoja uitwao MBE, ulioanza mwaka 1972. Una maswali 200, kila swali na majibu manne: 100 asubuhi kwa saa tatu, 100 mchana kwa saa tatu. Masomo ni saba: mikataba, madhara, jinai na mwenendo wake, katiba, ushahidi, mali zisizohamishika, na mwenendo wa kesi za madai, ambao uliongezwa mwaka 2015. Kati ya maswali hayo, 25 hayahesabiwi kabisa. Yako kwenye majaribio, yamechanganywa na mengine, na hakuna mtahiniwa anayejua ni yapi. New York huweza kumruhusu kufanya mtihani mtu aliyesomea sheria katika nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza, kwa masharti yake, na mara nyingi baada ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko huko Marekani. Alama ya kufaulu mtihani mzima wa New York ni 266 kati ya 400. Mtihani mpya uitwao NextGen umepangwa kuanza Julai 2026 katika baadhi ya majimbo, nao haujayaacha maswali ya kuchagua: mengine yana majibu sita na yanataka mawili. Uingereza na Wales nako, tangu mwaka 2021, anayetaka kuwa wakili hupitia SQE1, yenye maswali 360 na majibu matano kila swali. Na hata kabla ya kufika huko, profesa wa mwaka wa kwanza wa chuo cha sheria anaweza kuweka maswali ya kuchagua kwenye mtihani wake wa mwisho wa muhula.

Gawanya saa tatu kwa maswali 100, utapata dakika 1 na sekunde 48. Ndani ya muda huo unasoma kisa cha aya nzima, unalitafuta suala la kisheria, unaikumbuka kanuni, unapima majibu manne na kuchagua. Kisha unaanza tena, mara 199.

Lakini muda si adui mkubwa. Adui mkubwa ni mazoea ya insha. Kwenye insha mwalimu anakupa alama za njia. Unataja suala, unaweka sheria, unaitumia kwenye ukweli wa kisa, unahitimisha, na hata ukihitimisha vibaya unaweza kuondoka na alama nzuri kwa sababu hoja zako zilikuwa na mantiki. Umefundishwa kusema "kwa upande mmoja" na "kwa upande wa pili", na kadiri ulivyoona pande nyingi ndivyo ulivyosifiwa. Kwenye maswali ya kuchagua hakuna anayeisoma hoja yako. Yule msomi hodari wa kuona pande zote huyatetea majibu yote manne kichwani, kila moja kwa hoja nzuri, na dakika zake mbili zinakwisha akiwa bado anayatetea.

Majibu mabaya yanaandikwa na watu wazuri

Maswali ya MBE huandikwa na kamati za maprofesa, majaji na mawakili, na sehemu ngumu ya kazi yao si kuandika jibu sahihi. Sehemu ngumu ni kuandika matatu yasiyo sahihi ambayo mtu aliyesoma nusu nusu atayapenda. Ugumu wa kazi hiyo ulionekana hadharani Februari 2025, California ilipoacha MBE na kutumia maswali yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Watahiniwa walilalamika sana, na baadaye taasisi inayosimamia mawakili wa jimbo hilo ikakiri kwamba baadhi ya maswali yaliandaliwa kwa msaada wa akili bandia. Julai mwaka huo huo California ikarudi kwenye MBE.

Ukitaka kuona jibu baya linavyotengenezwa, chukua kisa hiki.

Mwenye duka la baiskeli mjini Albany anamwandikia mwalimu mmoja barua na kuisaini: "Nitakuuzia baiskeli hii mpya kwa dola 900. Ofa hii itabaki wazi kwa siku 10." Mwalimu halipi chochote. Siku ya nne mwenye duka anampigia simu na kumwambia amebadili mawazo, hauzi tena. Siku ya sita mwalimu anaingia dukani na dola 900 mkononi, anasema amekubali. Mwenye duka anakataa. Je, kuna mkataba?

A. Hapana, kwa sababu mwalimu hakutoa chochote ili ofa ibaki wazi.
B. Hapana, kwa sababu mwalimu si mfanyabiashara.
C. Ndiyo, kwa sababu mwenye duka aliahidi, kwa maandishi yenye saini, kwamba ofa ingebaki wazi.
D. Ndiyo, kwa sababu mwalimu aliitegemea ofa hiyo akaingia hasara.

Mwanasheria aliyesomea Dar es Salaam ataliona A na kufurahi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo mizizi yake iko kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inasema pendekezo linaweza kuondolewa wakati wowote kabla kukubaliwa kwake hakujakamilika dhidi ya aliyelitoa. Aliyesomea Nairobi atafika hapo hapo kupitia kesi za Kiingereza: ahadi ya kuiacha ofa wazi, isiyolipiwa chochote, haimfungi mtu. Wote wawili wamenukuu sheria sawasawa, na wote wawili wamekosa swali.

Baiskeli ni bidhaa, na mauzo ya bidhaa Marekani yanatawaliwa na Kanuni ya Pamoja ya Biashara, UCC. Kifungu chake cha 2-205 kinasema mfanyabiashara akitoa ofa kwa maandishi aliyoyasaini, akaahidi kuiacha wazi, hawezi kuiondoa ndani ya muda alioutaja, hata kama hakulipwa chochote, ilimradi muda huo hauzidi miezi mitatu. Jibu ni C.

Sasa yaangalie mengine kwa makini, maana hapa ndipo kuna somo. A ni kanuni halisi kabisa, isipokuwa ni ya kesi nyingine. Badilisha jambo moja tu kwenye kisa: muuzaji asiwe mwenye duka, awe jirani anayeuza baiskeli yake ya zamani. Papo hapo A linakuwa jibu sahihi. B nalo limekatwa kutoka kwenye kanuni yenyewe ya 2-205, lakini limegeuzwa: kanuni inamtaka mtoa ofa awe mfanyabiashara, haimtaki mnunuzi. Limewekwa kwa ajili ya mtu anayekumbuka kwamba neno "mfanyabiashara" lilikuwepo mahali fulani kwenye madesa yake. Na D ni kanuni ya kweli pia, ila imejengwa juu ya ukweli ambao haupo. Soma kisa tena. Hasara iko wapi? Mwalimu hakuuza baiskeli yake ya zamani, hakukopa, hakusafiri. Amekuja na dola 900 na ataondoka nazo.

Kwa hiyo hakuna hata jibu moja kati ya hayo matatu lililo upuuzi. Moja ni sheria sahihi ya kesi isiyo hii, moja ni kanuni sahihi iliyokosewa sharti moja, na moja ni kanuni sahihi inayosimama juu ya jambo ambalo halikutokea. Baada ya kufanya maswali mia mbili tatu utagundua kwamba sehemu kubwa ya majibu mabaya unayokutana nayo yamo kwenye makundi haya. Na utagundua jambo linalokera zaidi: kadiri unavyojua sheria nyingi, ndivyo majibu mabaya yanavyokuvutia, kwa sababu kila moja unalitambua. Asiyesoma kabisa hababaishwi na D, kwa kuwa hajawahi hata kulisikia.

Funika majibu

Dawa yake inajulikana, ingawa wengi wanaiona ya kitoto: usiyasome majibu mpaka uwe na jibu lako. Weka mkono, karatasi, chochote. Kwenye kompyuta, zuia macho.

Anza na sentensi ya mwisho, ile inayouliza. Yako maswali yanayouliza mahakama itaamua nini. Yako yanayouliza ni hoja gani ya mdaiwa iliyo na nguvu zaidi, na hapo inawezekana mdaiwa atashindwa kwa vyovyote vile. Kazi yako ni kumtafutia hoja yenye afadhali, hukuombwa kutoa hukumu. Yako yanayouliza ni kosa gani kubwa zaidi ambalo mshtakiwa anaweza kutiwa hatiani, na hapo unaanza na kosa zito kuliko yote kwenye orodha na kushuka. Ukisoma kisa kizima kabla ya kujua umeulizwa nini, utakisoma mara mbili, na muda wa mara mbili huna.

Halafu soma kisa, polepole kuliko unavyotamani. Tafuta nani ni nani, nani alijua nini na lini, nini kiliandikwa na nini kilisemwa tu, saini ya nani iko wapi, ana umri gani. Mpangilio wa matukio ndio unaowaponza wengi kwenye jinai. Kijana anavunja dirisha la nyumba ya watu usiku wa theluji, wenyewe wamesafiri. Anataka kujikinga na baridi tu. Analala kwenye kochi. Alfajiri anaona kompyuta mezani, anaibeba, anaondoka. Je, kwa sheria ya zamani ya Kiingereza ambayo MBE bado inaipenda, ametenda kosa la kuvunja na kuingia makazi ya mtu usiku? Kosa hilo linataka mtu avunje na kuingia makazi ya mwingine, usiku, akiwa na nia ya kutenda kosa kubwa humo ndani. Amevunja, ameingia, ni makazi, ni usiku, na ameiba. Jibu linaloanza na "Ndiyo, kwa sababu alivunja nyumba usiku na kuiba" litakuwepo, na litaonekana limekamilika. Lakini nia ya kuiba ilikuja alfajiri, na dirisha lilivunjwa usiku. Alichotenda ni wizi tu.

Ukishamaliza kisa, jiambie jibu kwa sentensi moja yenye sababu: "Hapana, hakuwa na nia alipoingia." Ndipo ufunue. Kama sentensi yako iko pale, ichague na uende zako. Kama haipo, usipapatike. Mara nyingi ipo kwa maneno mengine, au mtungaji ameingia kupitia mlango mwingine wa kanuni ile ile.

Lipo jambo dogo ambalo waalimu wengi hulipitia haraka, nami ningependa tulitulie kidogo. Karibu kila jibu lina pande mbili zilizounganishwa: uamuzi na sababu. Watu hupima uamuzi wakaisahau sababu, na kumbe kwenye mtihani huu sababu ndiyo inayoamua. "Ndiyo, kwa sababu…" inakutaka uhakikishe mambo mawili: kwamba kilichotajwa kimo kwenye kisa, na kwamba kisheria kinatosha kuleta matokeo hayo. Kikikosekana kimoja, jibu limekufa hata kama "ndiyo" yake ni sahihi. "Ndiyo, iwapo…" ni mnyama tofauti. Hapo mtungaji amekuongezea jambo ambalo halikuwemo, na ameruhusiwa. Usilikatae kwa sababu halimo kwenye kisa; jiulize, likiwa kweli, matokeo yanafuata? Na "Hapana, isipokuwa…" inakwambia uamuzi ni hapana mpaka jambo lililotajwa liwepo. Ukifikiria njia nyingine yoyote inayoweza kuugeuza uamuzi huo, basi jibu hilo lina ufa. Watahiniwa wanaopoteza alama hapa si wavivu. Ni watu wanaosoma haraka kwa sababu wanakisoma Kiingereza kila siku na wanadhani viunganishi havina kazi.

Tulipo na nguvu, tulipo wageni

Kuna imani kwamba mtu wa Afrika Mashariki yuko nyuma kwenye kila somo la mtihani huu. Si kweli, na imani hiyo inawafanya watu wagawe muda wao vibaya.

Chukua ushahidi. Hakuna mwanafunzi wa sheria kwetu asiyeijua kesi ya Subramaniam, iliyotoka Malaya na kuamuliwa na Privy Council ya London mwaka 1956. Mshtakiwa alikutwa na risasi, akajitetea kwamba alitishwa na waasi. Jaji alikataa ushahidi wa maneno ya waasi hao akisema ni ya kuambiwa. Privy Council ikasema amekosea: maneno yale hayakuletwa kuthibitisha kwamba yaliyosemwa ni kweli, yaliletwa kuonyesha kwamba yalisemwa, na kwamba yalimtia mtu hofu. Sasa soma swali la MBE. Mteja ameteleza kwenye mafuta ndani ya duka kubwa, amevunjika nyonga, anadai fidia. Shahidi wake yuko tayari kusema kwamba saa moja kabla alimsikia mteja mwingine akimwambia meneja, "Kuna mafuta yamemwagika kule." Ushahidi huo unaletwa kuonyesha kwamba meneja alikwisha kuarifiwa. Unakubalika?

Wengi watakimbilia jibu linalosema haukubaliki kwa sababu ni wa kuambiwa. Wengine, waliokariri orodha ndefu ya vighairi katika Kanuni za Shirikisho za Ushahidi za mwaka 1975, watachagua "Unakubalika, kwa sababu alisema alichokuwa akikiona wakati huo huo", na kujisifu kwamba wamekiona kighairi. Hawa wanaumia zaidi, kwa kuwa uamuzi wao ni sahihi. Lakini likiwepo jibu linalosema "Unakubalika, kwa sababu hauletwi kuthibitisha kwamba mafuta yalimwagika", hilo ndilo. Huhitaji kighairi kwa kitu ambacho hakikukatazwa tangu mwanzo. Aliyesoma Subramaniam kwa kuielewa analiona hilo kwa sekunde kumi.

Kwenye mali zisizohamishika mambo ni kinyume. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mtu haki ya kuitumia kwa muda na masharti. Ukimkalisha mtu aliyelelewa kisheria hapo mbele ya swali la Marekani linalohusu shamba ambalo mzee amemwachia mkewe kwa uhai wake, kisha liende kwa mtoto, na kama mtoto atakufa kabla ya kuoa liende kwa kanisa, hana pa kushika. Hapo hakuna busara ya nyumbani itakayokuokoa. Ni kusoma upya, kama mtoto, na kuchora mishale kwenye karatasi. Katiba ya shirikisho na mwenendo wa kesi za madai viko hivyo hivyo: nani anaweza kushtakiwa katika mahakama ya jimbo gani ni swali ambalo sisi hatukuwahi kuhitaji kuliuliza. Nipe mtu mwenye wiki nane, nitamwambia atumie tatu kwenye masomo haya matatu kabla hajagusa mengine.

Mikataba na madhara ndiyo hatari ya aina ya pekee, kwa kuwa yanafanana na yetu kiasi cha kutulaza usingizi. Uliona kwenye baiskeli. Kila unapokutana na kanuni ya Marekani inayotofautiana na ya nyumbani, iandike kwenye ukurasa wake peke yake. Hutazifikisha kurasa kumi, na kurasa hizo zitakupa alama nyingi kuliko kitabu chochote utakachonunua.

Ramli na penseli

Mbinu za darasa la saba nazo hazijafa. Zimehamia kwenye simu. Ukikwama, chagua C. Jibu refu ndilo sahihi. Lenye "kamwe" au "daima" si sahihi. La mwisho hili lina ukweli kidogo, kwa sababu sheria ni nadra kuwa ya daima. Mengine ni kupiga ramli. Watungaji wa mtihani mkubwa kama huu wanazijua mbinu hizo na wanaweza kuzigeuza mtego.

Ushauri mmoja wa kizamani unastahili kuvunjwa kwa sauti, kwa kuwa unasemwa na waalimu wenye heshima zao: usibadilishe jibu lako la kwanza. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti uliopitia karatasi za mtihani za wanafunzi zaidi ya 1,500 wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Illinois, wakitafuta alama za kifutio. Takriban nusu ya majibu yaliyobadilishwa yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi. Robo tu yalitoka kwenye usahihi kwenda kwenye kosa. Imani haifi kwa sababu jibu sahihi ulilolifuta linakuuma mwaka mzima, na kosa ulilolirekebisha unalisahau ukitoka mlangoni. Kwa hiyo ukirudi kwenye swali ukaona sababu, neno ulilolipita, tarehe uliyoisoma vibaya, badilisha. Kama huna sababu, una wasiwasi tu, liache.

Mazoezi ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na wengi wanayafanya kinyume. Wanasoma madesa mara nne, wakidhani wakishayamaliza ndipo watakuwa tayari kwa maswali. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kusoma na kusoma tena kunashinda ukipimwa baada ya dakika tano; ukipimwa baada ya wiki, aliyejipima mwenyewe kwa kukumbuka ndiye anayeshinda. Mtihani wako hauko baada ya dakika tano. Anza maswali siku ya kwanza, ukiwa bado hujui kitu, na kubali kupata machache.

Kisha tumia muda mrefu kwenye marekebisho kuliko ulioutumia kwenye kujibu. Hapa uzembe ni mwingi kuliko popote: mtu anasahihisha, anaona kapata 31 kati ya 50, anajipongeza au anajilaumu, anafunga kitabu. Fungua daftari la makosa. Kwa kila ulilokosa andika sentensi moja: sikuijua kanuni, niliijua ila nimelisoma kisa vibaya, nilijua yote nikaongeza ukweli usiokuwepo. Usiandike "nitakuwa makini zaidi", hiyo haisaidii kitu. Na yale uliyopata kwa kubahatisha yahesabu kuwa umekosa, kwa sababu umekosa. Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha ugonjwa wako. Kama ni kanuni, rudi kwenye vitabu. Kama ni kusoma, vitabu havitakusaidia. Punguza mwendo na funika majibu. Wengi wenye shahada nzuri wanaumwa huu wa pili na kujitibu kwa dawa ya wa kwanza, wakinunua kozi nyingine ya maelfu ya dola.

Siku yenyewe, angalia saa mara mbili tu katika kila kipindi: swali la 33 likiwa saa moja imepita, la 67 likiwa saa mbili. Ukikutana na swali la ajabu lisilofanana na chochote ulichosoma, kumbuka yale 25 yasiyohesabiwa na usiliache likuharibie matano yanayofuata. Ukibaki kati ya majibu mawili, rudi kwenye kisa, usibaki ukiyakodolea macho majibu. Tofauti yao iko kwenye kisa. Na usiache swali wazi hata moja. MBE haikati alama kwa jibu baya: swali lililoachwa tupu lina thamani ya sifuri, la kubahatisha lina nafasi moja kati ya nne, na ukiwa umeondoa mawili kwa haki, moja kati ya mbili. Zikibaki dakika mbili na maswali sita, jaza yote sita, kisha ndipo uanze kuyasoma.